Mwameja au Matampi? Ubishi wa Ngamiani uliobaki na mzee mmoja

Kwenye saluni moja ya kiume pale Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara za namba, kuna benchi la mbao ambalo mteja halikalii. Halijaandikwa kitu. Watu wanajua tu kwamba lile ni la wazee wawili. Mmoja alifanya kazi reli mpaka akastaafu. Mwingine alimaliza ujana wake bandarini, kwenye matishari, enzi zile meli zinatia nanga mbali na mzigo unaletwa gatini kidogo kidogo. Wazee hawa hawakuwa wanakuja kunyoa, maana mmoja ana upara tangu zamani na mwingine alikuwa ananyolewa nyumbani na mjukuu. Walikuwa wanakuja kubishana.

Na ubishi wenyewe ni mmoja tu, miaka nenda rudi: nani kipa bora aliyewahi kukaa golini Coastal Union.

Mtu wa mkoa mwingine atauliza, kwani mbona kipa? Mbona msibishanie mastraika kama watu wengine? Jibu la pale kijiweni ni kwamba straika mnaweza kuwa nao watatu na kila mtu akapata wa kwake, nyumba ikatulia. Kipa anakaa mmoja. Akikaa yeye, mwenzake yuko benchi amevaa bibu. Halafu straika akikosa goli kumi na kufunga moja, anabebwa mabegani. Kipa akidaka kumi na kuachia moja, wiki nzima hapiti sokoni. Kwa hiyo ukisema huyu ndiye kipa bora wa Wagosi wa Kaya, umesema kitu kizito, na lazima ujibu maswali.

Wazee wote wawili walikuwa upande mmoja: Mohamed Mwameja. Kwao hapo hakuna mjadala, ni kama kuuliza bahari iko upande gani.

Upande wa pili alikuwepo kinyozi mwenyewe, kijana ambaye hajafika thelathini, pamoja na dogo mmoja wa bodaboda ambaye kazi yake kubwa mchana ni kukosa abiria. Hawa wana jina moja, Ley Matampi, Mkongo aliyetua Tanga 2023. Na hawaji mikono mitupu. Dogo anatoa simu, anafuta kioo kwenye suruali, anaanza kusoma kama karani wa mahakama. Msimu wa 2023/24 Matampi alimaliza na mechi 15 bila kuruhusu goli. Alimpita Djigui Diarra wa Yanga. Tuzo ya kipa bora wa Ligi Kuu ikaja kwa Wagosi. Timu ikamaliza ya nne, ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Na kabla hata hajaijua njia ya kuja Tanga, jamaa tayari alikuwa na ubingwa wa CHAN ya 2016 akiwa na Kongo kule Rwanda.

"Ligi ina mechi thelathini, mzee," dogo anasema. "Kumi na tano ni nusu. Nusu ya ligi watu wanakuja wanaondoka hola."

Mzee wa reli anasikiliza mpaka mwisho, hakatizi, hiyo ndiyo adabu yake. Kisha anauliza kwa upole, "Hizo kumi na tano zimeleta kombe gani hapo Mkwakwani?"

Kimya.

"Mwaka 1988 kombe la ligi lilikuja hapa. Nenda kaangalie kwenye hilo lisimu lako kama limekuja tena."

Halijaja tena. Hilo dogo analijua, kila mtoto wa Tanga analijua. Coastal ina ubingwa mmoja wa ligi, wa 1988, na tangu hapo mji unauhesabia miaka kama watu wanavyohesabia mtu aliyesafiri akasema anarudi.

Ila vijana siyo watu wa kukubali kirahisi. Siku moja dogo alikuja na kitu kipya, amekisoma usiku kucha. Alikuwa amegundua kwamba mpaka 1992 kipa alikuwa anaruhusiwa kuudaka kwa mikono mpira aliorudishiwa na beki wake. Sheria ilibadilishwa baadaye. Akasimama katikati ya saluni akaigiza: beki anarudisha, kipa anadaka, anapumzika, anamtengea beki, beki anarudisha tena, kipa anadaka tena. "Hivi na mimi nadaka! Hata mama hapo nje anadaka!" Watu walicheka mpaka mteja aliyekuwa kwenye kiti akaambiwa atulie asije akakatwa sikio.

Mzee wa bandari ndiye aliyemjibu, naye hakuhitaji simu. Akasema haya, tuchukue baada ya hiyo sheria yako. Mwaka 1993 Mwameja yuko Simba, sheria imeshabadilika, Simba inafika fainali ya Kombe la CAF. Mechi ya kwanza wanaenda kwa Stella, Abidjan. Matokeo?

"Sijui."

"Sifuri sifuri. Abidjan, siyo Korogwe."

"Na marudiano Dar?"

Mzee akakohoa. "Dar walifungwa mbili."

"Eeeh!" saluni nzima ikalipuka, na mzee mwenyewe akacheka, maana ubishi wa Tanga una heshima yake. Ukipigwa la wazi unakubali, unaagiza kahawa, unarudi kesho.

Hapo katikati kuna huyo mama anayeuza mihogo ya kukaanga mlangoni, ambaye wanaume wote wale walikuwa wanamchukulia kama sehemu ya mlango. Ni yeye aliyetoa hoja ambayo mpaka leo haijajibiwa vizuri. Alisema nyie mnabishana makipa, mabeki mmewaweka wapi? Kama mpira haufiki, kipa anadaka nini? Akamtaja Lameck Lawi, yule kijana wa nyuma wa msimu huohuo wa 2023/24. Mwaka 2024 Simba walimtangaza kwamba wamemsajili, Coastal wakasema mtu wetu hajaenda kokote, nchi nzima ikakaa inasikiliza ugomvi. "Watu hawagombani hivyo kwa beki wa kawaida," mama alisema, akageuza mihogo. "Hizo kumi na tano zenu gawaneni na Lawi." Kinyozi alijaribu kujibu, akaishia kuulizia pilipili.

Ukweli usemwe, ubishi wa makipa ulikuwa unabeba na kidonda kingine. Kila jina linalotajwa pale lina sehemu ya pili ya hadithi, na sehemu ya pili daima iko Dar es Salaam. Mwameja alidaka Coastal, lakini mtu wa Mbeya au Mwanza ukimtajia Mwameja anakumbuka jezi nyekundu ya Simba. Bakari Mwamnyeto alitoka Coastal 2020 akaenda Yanga, na 2023 ndiye aliyekuwa nahodha wao waliposhindania kombe la Shirikisho na USM Alger. Abdul Sopu aliwapiga Yanga goli tatu peke yake kwenye fainali ya Kombe la FA pale Arusha, Julai 2022, mechi ikaisha 3-3, Coastal wakafa kwa penalti. Mji haujamaliza kulia, Sopu yuko Azam. Hata Juma Mgunda, mtoto wa nyumbani, mchezaji wa zamani wa Coastal na kocha wao kwenye fainali hiyohiyo, miezi miwili baadaye Simba wakamwita. Tanga inalea, Dar inaoza. Ndiyo maana wazee wakisema "Mwameja wa Coastal" wanalisema jina lote, kama mtu anayeshika hati ya kiwanja.

Halafu ukaja ule msimu wa 2015/16 ambao pale saluni hautajwi mbele ya wageni. Coastal, African Sports na Mgambo JKT, timu zote tatu za mkoa, zilishuka daraja kwa mkupuo. Mkoa mzima ukabaki hauna timu Ligi Kuu. Mtu angedhani ubishi ungekufa. Wapi! Ndipo ulipokolea. Jumamosi hakuna mechi ya kwenda kuangalia, kwa hiyo wazee wakawa wanakaa kwenye benchi lao kutwa, 1988 ikawa inachezwa upya kila wiki. Kinyozi, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kushika mashine, alijifunzia kazi humohumo kwenye hiyo mechi. Mpaka Coastal inarudi juu msimu wa 2018/19, alikuwa anaijua kwa moyo.

Mechi hiyo inataka maelezo.

Wazee wote wawili walikuwa wanasema kuna siku Mwameja alidaka mpira Mkwakwani ambao mpaka leo hawajaona mwingine wa kuufananisha nao. Hapo walikubaliana. Baada ya hapo hawakukubaliana kitu hata kimoja. Mzee wa reli alisema walikuwa wanacheza na Yanga. Mzee wa bandari alisema Simba. Mzee wa reli alisema mvua ilikuwa inanyesha, uwanja tope. Mzee wa bandari alisema jua lilikuwa kali, kipa analipata usoni. Mmoja alisema ni goli la kushoto ukiwa umekaa jukwaa kuu, mwingine la kulia. Mmoja kichwa cha karibu, kaudaka kwa mkono mmoja. Mwingine shuti la mbali, kaupangua kwa ngumi mpaka ukaenda kuangukia kwa watu.

"Nyie wazee hamkuwa mechi moja," dogo alikuwa anawaambia.

"Tulikaa pamoja!" walikuwa wanajibu kwa sauti moja. Hata karanga walikula kwenye kifuko kimoja. Na walirudi nyumbani kwa miguu pamoja wakiwa wanausimulia njiani, labda hapo ndipo kila mtu aliposhika njia yake.

Hakuna wa kuamua. Vijana wa leo wamezoea kwamba kila kitu kipo, ukibishana unatafuta, unaangalia marudio, kesi imeisha. Goli tatu za Sopu unaziona sasa hivi ukiwa kwenye foleni ya daladala. Lakini mwaka 1988 Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar hapo ng'ambo walikuwa nayo ya rangi tangu miaka ya sabini, huku Bara kituo cha kwanza kimekuja 1994. Mechi ilikuwa ya aliyekwenda uwanjani, na wa nyumbani alikuwa na Radio Tanzania, anaona kwa masikio. Kwa hiyo siku ile ya Mwameja, kama ilikuwepo, ilikuwa imehifadhiwa kwenye vichwa viwili, na vyenyewe havisikilizani.

Mwaka huu, kabla ya mfungo, mzee wa bandari akafariki. Hakuumwa sana. Ijumaa alikuwa kwenye benchi, Jumatatu wakamzika. Kinyozi alifunga saluni siku mbili, kitu ambacho hakukifanya hata wakati Coastal inashuka. Dogo wa bodaboda alibeba watu kwenda makaburini na kurudi, hakuchukua nauli, na yeye si mtu wa kuacha nauli.

Mzee wa reli hakuonekana. Wiki ya kwanza watu wakasema ni msiba. Ya pili wakasema ni magoti. Wa tatu kinyozi akapita nyumbani kwake na pakiti mbili za sukari, akakuta mzee amekaa barazani, redio imezimwa. Waliongea habari za watoto, bei ya mchele, kidogo na magoti. Mpira haukutajwa. Kinyozi alisimulia baadaye kwamba hakuwahi kukaa na yule mzee robo saa nzima bila jina la Mwameja, na kwamba hicho ndicho kilichomwogopesha.

Benchi likabaki wazi. Mteja mmoja mgeni alilikalia siku moja, akaona watu wanamwangalia, akahama mwenyewe.

Siku chache baada ya arobaini mzee akaja. Alikuja asubuhi, fimbo mkononi, kanzu imepigwa pasi. Shikamoo zikapita, marahaba zikapita. Akakaa upande wake uleule wa benchi, hakusogea katikati. Kinyozi akaendelea kunyoa, mashine inalia, hakuna anayejua aanzie wapi. Dogo wa bodaboda, ambaye Mungu alimpa kila kitu isipokuwa subira, akaona bora aanze yeye.

"Mzee, mimi bado nasimama na Matampi."

Mzee akatabasamu kidogo. "Kumi na tano."

"Kumi na tano, nusu ya ligi."

"Haya." Mzee akaweka fimbo pembeni. "Sikiliza nikwambie, maana wewe hukuwepo. Tunacheza na Simba. Jua kali, jua la saa kumi, kipa linampiga usoni haoni kitu. Goli hili la kulia, ukiwa umekaa jukwaa kuu. Mtu kapiga shuti la mbali kule..."

Mashine ikazimwa.

Dogo alikuwa ameshafungua mdomo. Si ulisema Yanga? Si ulisema mvua? Miaka yote si ni kushoto? Hoja ilikuwa ya wazi kabisa, ya bure, goli halina kipa. Kinyozi alimtazama kupitia kwenye kioo, akatikisa kichwa mara moja, na dogo akaufunga mdomo wake, pengine kwa mara ya kwanza tangu apate leseni.

Mzee akaendelea mpaka mwisho. Ngumi, mpira ukapaa, ukaenda kuangukia kwa watu. Neno kwa neno, kama alivyokuwa anaisimulia yule mwenziwe. Hata ile ya kunyanyua ngumi juu ya kichwa aliifanya vilevile, kwa mkono wa kushoto, na yeye hatumii shoto.

Akamaliza, akatulia. Alikuwa anasubiri. Na hapo ndipo palipokuwa na shida, maana kwa miaka yote hiyo, baada ya ngumi, kilichokuwa kinafuata ni sauti kutoka upande wa pili wa benchi ikisema mwongo mkubwa wewe. Sasa hakuna sauti. Mteja kwenye kiti ananyolewa nusu kichwa. Mama wa mihogo ameacha kugeuza mihogo.

Kinyozi akapulizia nywele kwenye mashine, taratibu.

"Siyo kweli, mzee," akasema.

"Nini siyo kweli?"

"Ilikuwa Yanga."

Mzee akageuka.

"Ilikuwa Yanga, na mvua ilikuwa inanyesha," kinyozi akasema, sasa kama mtu aliyepanda gari na hawezi kushuka. "Uwanja tope tupu. Jua lilitoka wapi siku ile? Na goli ni la kushoto. Kichwa cha karibu, Mwameja kaudaka kwa mkono mmoja. Ngumi unaitoa wapi wewe?"

"We kijana. Umezaliwa mwaka gani?"

"Hayo ya kuzaliwa tuyaache."

"1988 ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Ulikuwepo?"

"Nilikaa jukwaa kuu. Nilikuona na karanga zako."

Mzee alimwangalia muda mrefu. Dogo wa bodaboda akajifanya anatafuta kitu kwenye simu. Kisha mzee akaigonga fimbo chini, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ileile ya zamani, ya kusikika mpaka barabara ya pili.

"Mkono mmoja! Mpira umelowa, tope, audake kwa mkono mmoja? Wewe mpira umewahi kuucheza kweli? Kipa gani mwenye akili anadaka mpira uliolowa kwa mkono mmoja?"

"Mwameja!"

"Mwongo mkubwa wewe!"

"Mzee, mimi nimeona kwa macho yangu..."

"Macho gani? Simba! Jua! Kulia!"

Mama wa mihogo akaingiza kichwa akauliza kama hao watu watakula au watapiga kelele tu. Mteja aliyenyolewa nusu akauliza kama atamaliziwa leo. Kinyozi akachomoa noti ya elfu kwenye droo, akampa dogo, akamwambia akimbie pale kona akalete karanga, kifuko kimoja.

"Na Matampi?" dogo akauliza akiwa mlangoni.

"Matampi atasubiri," mzee akasema, na akasogea kidogo kwenye benchi.